Pikipiki ya Chama: Namna ya Kuichagua, Kuipa Vifaa na Kuitunza

Pikipiki ya chama cha msingi hununuliwa kwa mazao ya wanachama, na ni vyema hesabu yake ifanywe kwa mazao vilevile. Tuseme chama cha wakulima wa pamba kinakata shilingi 20 katika kila kilo ili kuendesha shughuli zake, na pikipiki mpya inauzwa shilingi 3,000,000. Pikipiki hiyo moja ni sawa na ushuru wa kilo 150,000 za pamba iliyopaliliwa, kunyunyiziwa dawa na kuchumwa kwa mikono. Chombo hicho kikifa katika mwaka wa pili badala ya mwaka wa sita, wanachama hawatamwona mwizi, wala hapatakuwa na upungufu katika sanduku la fedha. Hata hivyo mali yao itakuwa imekwenda.

Hali ambayo wakaguzi huikuta mara nyingi ni hii. Nyuma ya ghala la chama pikipiki imeegemezwa ukutani, tairi hazina upepo, kiti kimechanika na kuku wanataga chini yake. Ikiulizwa sababu, kila mtu ana yake. Katibu atataja ubovu wa barabara, mjumbe wa kamati atamtaja fundi, na mlinzi atasema kuwa pikipiki za siku hizi si kama za zamani. Daftari la safari halipo, au liliandikwa kwa miezi miwili ya kwanza tu. Injini ikifunguliwa, chanzo huonekana kuwa kidogo mno: oili ilipungua siku hadi siku na hakuna aliyetazama, kwa kuwa kila aliyeipanda alidhani mwenzake ametazama. Injini za kadiri hii hubeba oili ya lita moja hivi. Ikipungua kiasi cha chupa moja ya soda, karibu theluthi yake imekwisha, na kinachofuata ni pistoni kukwama ndani ya silinda, au injini kunoki, kama wasemavyo mafundi.

Kwamba jambo hili laweza kuepukwa si maneno matupu. Katika nchi ya Lesotho, tangu mwaka 1991, pikipiki za watumishi wa afya ziliwekwa chini ya mpango wa matunzo uliosimamiwa na shirika la Riders for Health. Nchi ile ni ya milima mitupu, na baridi yake ni kali. Pikipiki hizo zilifanya kazi miaka kadhaa bila kulala njiani. Hazikuwa za aina ya ajabu. Waendeshaji walifundishwa kuzikagua kila siku kabla ya kuondoka, na vipuri vilibadilishwa kwa kufuata kilometa, kabla havijavunjika. Vyama vyetu havikosi uwezo wa kufanya hivyo, maana uwezo wenyewe ni daftari, kitambaa na dakika tano za asubuhi.

KUCHAGUA

Swali la kwanza kwa Kamati lisiwe pikipiki gani ni nzuri. Swali liwe: vipuri vyake vinauzwa wapi, na fundi aliye karibu na chama anaijua? Jibu la swali hilo liko barabarani. Vijana wa bodaboda hula kwa pikipiki zao, na aina isiyofaa huiacha upesi. Katibu akikaa nusu saa kwenye kijiwe chao atajifunza mengi kuliko atakayoyasoma katika karatasi za wauzaji. Ikiwa pikipiki saba kati ya kumi pale ni za aina moja, basi cheni, breki, plagi na nyaya zake zitapatikana mnadani hata siku ya Jumapili.

Kwa sababu hiyohiyo zawadi nazo zapaswa kuangaliwa. Vyama vingine vimepewa na wafadhili pikipiki kubwa za mashambani zenye injini ya sentimeta za ujazo 200, ngumu na zenye sifa njema, lakini vipuri vyake haviagizwi ila kutoka mbali. Zawadi ya namna hiyo ipokewe kwa shukrani pamoja na ombi la pili: sanduku la vipuri vya miaka mitatu. Bila hivyo itakwama kwa kukosa waya wa klachi.

Kwa kazi za kawaida za chama, yaani kutembelea vituo vya kununulia, kupeleka taarifa Chama Kikuu na kuchukua dawa au mbegu kidogo, injini ya ujazo wa kati ya 100 na 150 yatosha. Iwe ya mipigo minne. Zile za mipigo miwili, ambazo oili yake huchanganywa na petroli au huingizwa kwa pampu ndogo, zilivuma sana miaka ya 1970 na 1980, na ni nyepesi na zenye nguvu. Lakini hunywa petroli zaidi, na mwendeshaji akisahau oili hata siku moja injini hulipa papo hapo.

Inafaa kukumbuka habari ya Honda CG 125, iliyotokea katikati ya miaka ya 1970. Wenye kiwanda walitambua kuwa katika nchi nyingi pikipiki zao hupakiwa mizigo mizito na oili hubadilishwa kwa nadra. Basi walibuni injini ambayo valvu zake husukumwa kwa fito mbili za chuma badala ya kuendeshwa na mhimili ulio kichwani mwa injini, na cheni ya gurudumu wakaifunika pande zote. Injini za mfano huo zimeigwa na viwanda vingi, na baadhi ya pikipiki zilizomo vijijini leo ni uzao wake. Mtu akitaka kujua sifa za pikipiki ya kazi, ndizo hizo: sehemu chache, zilizofunikwa, zisizodai sana.

Nchi yenyewe nayo iangaliwe. Usukumani udongo mweusi wa mbuga hunata, na mvua ikinyesha hujaa kati ya tairi na madigadi ya mbele mpaka gurudumu likakataa kuzunguka. Huko yafaa pikipiki yenye madigadi iliyoinuliwa, au iliyopo iinuliwe na fundi. Mbinga, katika milima ya Umatengo, kinachotafutwa ni nguvu ya kupanda wala si mbio. Pikipiki isiyo na nguvu ya mlima yaweza kusaidiwa kwa kubadilisha sproketi ya mbele na kuweka yenye jino moja pungufu. Itapanda vizuri zaidi, ingawa itapoteza mwendo kidogo kwenye tambarare. Mtwara na Lindi kuna mchanga, na mchanga hutaka pikipiki nyepesi na tairi zenye meno. Breki za ngoma, zilizofungiwa ndani ya gurudumu, huvumilia tope na mchanga kuliko wanavyodhani waliozoea kusifia za diski. Tena mabanda yake hubadilishwa na fundi yeyote.

Skuta, au vespa kama wengi waziitavyo hata zikiwa za kiwanda kingine, ni chombo kizuri mahali pake. Mwendeshaji hukaa vizuri, nguo hazichafuki, na mizigo midogo huwekwa miguuni. Mhasibu wa chama aliye mjini, ambaye safari zake ni benki, posta na ofisi ya ushirika kwa njia ya lami, hana haja ya zaidi. Lakini magurudumu yake ni madogo: shimo ambalo pikipiki hulipita, skuta hutumbukia. Isipelekwe vijijini. Pikipiki za umeme, ambazo Kigali na Nairobi betri zake hubadilishwa katika vituo maalumu, zitafaa vyama vyetu siku vituo hivyo vitakapofika. Kwa sasa mahali pasipo na kituo ni mapema mno.

Jambo moja la mwisho kuhusu ununuzi, na katika hili pasiwe na huruma. Stakabadhi na kadi ya usajili ziandikwe jina la chama, si la mwenyekiti, si la katibu, hata kama imesemwa kuwa ni kwa muda tu ili kuharakisha mambo. Mwenyekiti akifariki au akiondolewa na Mkutano Mkuu, pikipiki iliyo kwa jina lake ni mali ya warithi wake mbele ya sheria mpaka chama kithibitishe vingine, na kuthibitisha huko huchukua muda na fedha. Bima ndogo ni ya lazima. Bima kubwa, ambayo hufidia wizi, yastahili kujadiliwa na Kamati katika kila mwaka wa bajeti.

VIFAA

Kofia ngumu ziwe mbili, moja ya mwendeshaji na moja ya abiria, nazo ziandikwe katika daftari la mali. Uchunguzi wa madaktari uliokusanya matokeo kutoka nchi mbalimbali, na kutolewa mwaka 2008, ulionyesha kuwa kofia hupunguza vifo vya wapanda pikipiki wanaopata ajali kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Kofia isiyofungwa kamba kidevuni haina kazi. Hutangulia kuanguka kabla ya mwenyewe. Iliyokwisha kupigwa katika ajali ibadilishwe hata kama haionyeshi ufa.

Keria imara ya nyuma ni ya lazima, na vyuma vya kukinga miguu ni vya faida kubwa. Karatasi za chama zibebwe ndani ya mkoba wa turubai usiopenya maji. Leja iliyolowana haisomeki, na si haki kumlaumu karani kwa hesabu zilizofutwa na mvua. Dawa za pamba au za korosho zisifungwe mgongoni mwa mwendeshaji wala kuchanganywa na unga au sukari. Ziwekwe kwenye sanduku lake nyuma, chupa zikiwa zimesimama.

Uzito wa mzigo umeandikwa katika kitabu cha pikipiki, na huhesabiwa pamoja na mwendeshaji na abiria. Jambo hilo husahauliwa. Gunia likiwekwa nyuma kabisa ya keria, gurudumu la mbele huwa jepesi, usukani hulegea, na spoki za nyuma huanza kukatika moja baada ya nyingine. Mzigo uletwe mbele kadiri iwezekanavyo na uwe chini. Mizani na magunia ya msimu yakodiwe gari.

Chini ya kiti pakae spana za namba 8, 10, 12, 14 na 17, spana ya plagi, bisibisi, koleo, vyuma vya kutolea tairi, viraka na gundi yake, pampu, tyubu moja, plagi moja, waya wa klachi, kiungo cha cheni na fyuzi. Vitu hivi vihesabiwe kila mwisho wa mwezi, kwa maana vina miguu.

MATUNZO

Kilometa 500 za kwanza ni za kuilea injini: isipakiwe mzigo mzito wala isikimbizwe. Oili ya kwanza imwagwe mapema, kwa kadiri kitabu kinavyoagiza, kwa kuwa hubeba unga wa chuma unaotoka katika sehemu mpya zinazosuguana. Baada ya hapo ibadilishwe kila kilometa 2,000 hadi 3,000, na upande wa chini katika barabara za vumbi. Imwagwe injini ikiwa na moto ili itoke na uchafu.

Hapa pana kosa linalofanywa na watu waangalifu. Huona oili ghali ya magari madogo ya kisasa, wakadhani ghali ndiyo bora, wakaitia katika pikipiki. Katika pikipiki nyingi za mipigo minne oili ileile ya injini hulainisha pia klachi. Baadhi ya oili za magari zimetiwa viungo vya kupunguza msuguano, na sahani za klachi hufanya kazi kwa msuguano huohuo. Matokeo yake klachi huteleza: injini hulia lakini pikipiki haipandi mlima. Oili inunuliwe yenye alama ya JASO MA kwenye chupa, nayo ndiyo iliyokubaliwa kwa pikipiki za klachi ya namna hiyo.

Vumbi ni adui wa pili baada ya ukosefu wa oili. Linaingia kwa njia ya chujio la hewa, na likipita huwa kama msasa kati ya pistoni na silinda. Chujio la sponji lioshwe kwa maji ya sabuni, likaushwe, lipakwe oili kidogo na kukamuliwa kabla ya kurudishwa; la karatasi lisioshwe, likung'utwe na kubadilishwa kwa wakati wake. Wakati wa kiangazi kazi hiyo ifanywe kila wiki mbili. Wako mafundi wanaotoa chujio kabisa ili pikipiki “ipumue”. Fundi huyo asirudiwe tena.

Plagi ni mjumbe anayesema ukweli. Ikitolewa ikaonekana ya rangi ya udongo au kijivu, injini inachoma vizuri. Ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, petroli ni nyingi kuliko hewa, na mara nyingi chujio limeziba. Ikiwa nyeupe, injini inapata moto kupita kiasi. Ikiwa imelowa oili, ringi au valvu zimechoka. Na kuhusu valvu, wengi hufurahia injini isiyo na kelele. Valvu inayogonga kidogo ina nafasi. Iliyokaza hainung'uniki, huungua kimyakimya mpaka injini ikakosa nguvu. Fundi azipime injini ikiwa baridi, kwa kipimo cha bamba na si kwa sikio.

Cheni ikiwa wazi ifutwe vumbi kwanza, ndipo ipakwe oili, kisha ziada ifutwe. Oili juu ya mchanga ni tupa. Ulegevu wake uwe kama kitabu kisemavyo, upimwe mwendeshaji akiwa ameshuka. Iliyokaza mno huharibu beringi, iliyolegea mno hutoka na yaweza kufunga gurudumu la nyuma ghafla. Cheni ikichakaa ibadilishwe pamoja na sproketi zote mbili. Chama kinachonunua cheni peke yake ili kuokoa fedha kitanunua nyingine baada ya muda mfupi, kwani meno yaliyokwisha huila mpya.

Mambo mengine ni ya asubuhi: upepo wa tairi, spoki, breki mbili, taa na honi, njugu zilizolegea, na petroli. Inunuliwe kituoni inapowezekana. Ya chupa za kando ya njia huwa na maji au mafuta ya taa, na injini iliyotiwa mafuta ya taa hugonga na kutoa moshi.

Msimu ukiisha, pikipiki nyingi hulala miezi kadhaa. Isiachwe tu. Tangi lijazwe ili lisipate kutu, petroli iliyomo ndani ya kabureta imwagwe, waya wa betri ufunguliwe, na pikipiki isimamishwe kwa stendi ya kati ndani ya ghala. Panya hupenda kujenga ndani ya chujio na kutafuna nyaya. Mdomo wa kuingizia hewa uzibwe kwa kitambaa, na kitambaa chenyewe kitoke kabla ya kuwasha.

DAFTARI

Kamati imteue mwendeshaji mmoja mwenye leseni ya daraja linalohusika, A au A1 kwa kadiri ya injini, na msaidizi wake mmoja. Jina lake liingie katika kumbukumbu za kikao. Mjumbe anayehitaji kwenda mahali atapelekwa, hatapewa ufunguo.

Daftari la safari liwe na tarehe, mahali, madhumuni, kilometa za kuondoka na za kurudi, petroli iliyotiwa, na sahihi. Faida yake kubwa huonekana kwa hesabu moja tu ya mwisho wa mwezi. Pikipiki ikiwa imekwenda kilometa 840 kwa lita 24, imetumia lita moja kwa kilometa 35. Mwezi unaofuata, kwa njia zilezile, ikionekana kilometa 840 kwa lita 40, sasa ni kilometa 21 kwa lita. Ama kabureta au breki zina kasoro, ama petroli inakwenda mahali pengine. Katibu hana haja ya kumshuku mtu. Ampelekee fundi kwanza, na fundi akisema pikipiki ni nzima, aweke daftari mbele ya Kamati, na tarakimu zitauliza swali lenyewe.

Uchakavu nao uandikwe. Pikipiki ya shilingi 3,000,000 inayotarajiwa kudumu miaka mitano hupoteza shilingi 600,000 kwa mwaka. Kwa mwendo wa kilometa 10,000 kwa mwaka, hiyo ni shilingi 60 katika kila kilometa, kabla ya petroli, oili na tairi. Mjumbe anayetaka kupelekwa harusini umbali wa kilometa 50, kwenda na kurudi kilometa 100, anaomba shilingi 6,000 za uchakavu peke yake. Aambiwe hivyo kwa heshima, na akikubali kulipa gharama zote aandikiwe stakabadhi.

Katibu au mwendeshaji anapobadilishwa, makabidhiano yafanywe kwa maandishi mbele ya wajumbe wawili: kilometa zilizosomeka siku hiyo, tarehe ya oili ya mwisho, hali ya tairi, idadi ya spana, kofia mbili, kadi, bima na funguo zote mbili. Anayepokea aiwashe na kuiendesha hadi barabarani na kurudi kabla ya kutia sahihi.